Ufa wa Tarehe Kumi na Mbili

Likasi, tarehe 14 septemba 1975

Mama,

Salamu kwanza. Mimi mzima. Nimepata chumba mtaani Kikula kwa mjane mmoja mpole, na kazi nimeanza. Kwenye laboratoire, yaani maabara, wananiita Citoyenne Mujinga, raia pamoja na jina la kwetu, maana majina ya ubatizo hayatakiwi tena kazini. Weye endelea kuniita Émérence, nisije nikajisahau.

Kazi yangu ni hii: mawe yanatoka chimboni Kambove, tunayasaga, tunayapima kujua yana shaba kiasi gani. Lakini wanaume wanaotumwa kuyaokota huchukua yaliyo karibu na gari, kisha wanakwenda kupumzika. Vipimo vinatoka vya uongo. Chef, mkuu wetu, akasema: anayepima ndiye ashuke kuchukua mwenyewe. Anayepima ni mimi.

Basi juzi nilikwenda. Kwenye njia ya kuteremkia alisimama kapita, mnyapara wa wachimbaji, mzee mmoja wa mvi anayeitwa Isidore.

"Weye unaenda fasi gani?"

"Nashuka kuchukua mawe ya kupima."

"Mwanamuke hashukake humu. Madini itakimbia. Na kama haikimbie, bantu batakufa."

Wachimbaji arobaini wakaweka vifaa chini, wakakaa. Niliposogea hatua moja mbele, wakaanza kupanda kutoka chimboni. Nilisimama kando ya gari mpaka saa sita na mifuko yangu mitupu. Nimesoma kemia miaka mitano Lubumbashi, nimeshindwa na mzee mwenye fimbo. Nilipomweleza chef, alicheka.

Mama, weye uliishi Kambove na Baba. Mimi nilikuwa na miaka miwili tu mawe yalipomwangukia, sikumbuki hata sauti yake. Je, naye alikuwa akisema maneno kama haya? Natamani uniambie kwamba alikuwa akiyacheka.

Mtoto wako,
Émérence


Kapolowe, tarehe 21 septemba 1975

Mutoto wangu Émérence,

Barua yako imefika, Mungu asifiwe. Huku jua ni kali. Mihogo niliyoloweka imeiva, na mbuzi wa jirani amekula mboga zangu tena. Nimemwambia mwenyewe mara tatu, anacheka tu. Samaki ni wachache.

Juu ya chimbo: usishuke. Wale wazee wanajua wanachosema. Omba wakuache ndani, kwenye chupa zako na mizani yako. Mwanamuke hapati hasara kwa kukaa pale alipowekwa. Na kama hawataki, rudi. Masista wanatafuta mwalimu wa hesabu hapa misheni, nimeshawatajia jina lako.

Kula vizuri. Umezoea kusahau kula.

Mama yako


Likasi, tarehe 5 oktoba 1975

Mama,

Nimesoma barua yako mara nne nikitafuta jibu, nimekuta mbuzi.

Sikujui katika maneno hayo. Weye ndiye uliyebeba vikapu vya samaki mpaka gare ya treni kila juma, mimi nikae darasani peke yangu na wavulana ishirini na sita. Camille, mdogo wake Baba, alipotuma neno kutoka Kambove kwamba msichana akisoma sana tumbo linakauka, uliichukua barua aliyoandikisha ukawashia moto wa kusongea bukari. Nilikuwa nimekaa pale, niliona. Leo unaniambia mwanamke akae alipowekwa. Nani amekufundisha kusema hivyo?

Nikueleze jinsi ninavyokaa nilipowekwa. Wanaume waliniletea mawe yao wenyewe. Nikapima, vipimo vikasema shaba nyingi, kiwanda kikapata kidogo. Kwenye mkutano watu kumi na wanne walinigeukia. Mmoja akasema, "Njo ile, sababu mulipatia mwanamuke mizani." Chef alitazama dirishani. Sikulia mbele yao. Nililia baadaye chooni, kwa hasira, mpaka meno yakauma.

Siji kufundisha hesabu. Nijibu swali langu: kwa nini nisishuke?

Émérence


Kapolowe, tarehe 12 oktoba 1975

Émérence,

Sina la kueleza. Ukishuka mule, usiniite tena mama.

Anne


Likasi, tarehe 9 novemba 1975

Mama,

Nimekaa majuma manne bila kuandika kwa sababu kila nilichoanza kiligeuka matusi. Sasa naandika kwa sababu nyingine.

Alhamisi nilikuwa tena juu ya chimbo, nimesimama kando ya gari kama mzigo. Mzee Isidore akaniletea kiti. Nadhani alinihurumia. Akauliza, "Mutoto, weye ni wa nani?"

"Wa Kalenga Étienne, aliyekufa humu mwaka wa hamsini na tatu."

Mama, yule mzee alirudi nyuma.

"Basi mama yako njo ile mwanamuke."

"Mwanamke gani?"

"Mwenye alishukaka na bukari. Kesho yake mawe ikaanguka. Bantu batatu. Kila muntu wa Kambove anajua. Kumbe weye haujue?"

Sikujua. Nina miaka ishirini na minne, na habari ya mama yangu nimepewa na kapita, dereva akisikiliza.

Sasa naelewa kwa nini hatukuwahi kwenda kwenye kaburi la Baba, hata siku ya wafu. Kila mwaka ulisema njia ni mbaya. Nilikuwa naamini, nikafikiri barabara ya Kambove haipitiki kabisa.

Sikuulizi kama ulishuka. Nakuuliza jambo moja tu: weye mwenyewe unaamini ulimuua?

Émérence


Kapolowe, tarehe 23 novemba 1975

Mutoto wangu,

Barua hii nimeiandika mara tatu, mbili nimechoma.

Ndiyo, nilishuka. Ilikuwa tarehe 13 januari. Asubuhi tuligombana na baba yako, jambo dogo. Nilisema anakunywa sana kwa mdogo wake Camille, akasema nisimchunge kama mutoto. Akaondoka bila kula. Mvua ilikuwa inanyesha siku nyingi, nikamwazia anatetemeka na njaa. Nikapika bukari na sombe ya majani ya mihogo, nikafunga kwenye kitambaa. Kwa desturi bibi wa mchimbaji huacha chakula juu kwa mlinzi, mlinzi anaita. Siku ile mlinzi hakuwapo. Nikashuka. Si mbali, mpaka ngazi ya pili ya udongo. Nikamwita. Alikuja akiona aibu mbele ya wenzake, lakini alicheka, akasema, "Anne, weye kichwa ngumu." Alikula amesimama kwenye mvua.

Na kuna lingine, nakuandikia weye tu. Nilikuwa katika siku zangu za mwezi. Nilijua, na nilishuka hivyo hivyo.

Kesho yake ukuta uliwaangukia, baba yako na wenzake wawili. Kwenye kilio Camille alisimama mbele ya watu wote. Akauliza, "Nani alishuka jana?" Wanawake wote wakaniangalia. Nikasema ni minye. Akauliza tena, "Na ulikuwa safi?" Mutoto wangu, ningeweza kudanganya. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na maiti ilikuwa imelala pale. Nikasema hapana.

Basi. Hawakuniacha nitupe udongo kaburini. Walinipa weye na mkeka mmoja, wakasema mutoto ni wa kike, nibebe tu.

Unauliza kama ninaamini. Sijawahi kuamka siku moja bila kuamini. Unamkumbuka Philippe, yule mvuvi uliyekuwa ukimwita tonton, kama mjomba wako? Aliniomba mara mbili tuoane. Nilimkataa kwa sababu nilimpenda, sikutaka naye afe. Watoto wachanga wa watu sikuwabeba. Mashamba ya wengine sikupita katikati. Nilijipanga hivyo, nikaishi.

Sasa weye unataka kuweka mguu palepale. Kama kifo kingekuwa changu ningekuambia nenda.

Mama yako


Likasi, tarehe 14 desemba 1975

Mama, Mama,

Kaa chini kwanza.

Hapa Likasi kuna chumba cha karatasi za zamani za kazi, zimefungwa kwa kamba na kupangwa mpaka darini. Anayezitunza ni mwanamke anayeitwa Hortense. Nilimwambia natafuta habari ya kifo cha baba yangu. Hakuniuliza barua ya ruhusa. Alivua viatu, akapanda juu ya meza, tukatafuta pamoja siku tatu wakati wa chakula. Tumepata. Ni karatasi mbili kwa Kifaransa, nakutafsiria kama zilivyo:

"Mvua imenyesha siku tisa mfululizo. Maji yamejaa nyuma ya ukuta wa mashariki. Tarehe 12 januari asubuhi, ufa wa karibu mita saba ulionekana juu ya ukuta huo. Aliyeuona ni mchimbaji Kalenga Camille, ambaye aliutia alama ya chokaa. Anasema hakumwambia msimamizi kwa sababu alidhani mwingine atasema. Tarehe 14 ukuta ulianguka."

Chini kuna alama ya kidole cha Camille.

Tarehe 12, Mama. Weye ulishuka tarehe 13. Ufa ulikuwa umeshakaa siku nzima pale juu, wala haukukungoja weye, uliyangoja maji tu! Na karatasi ya pili inasema juma lilelile ukuta mwingine ulianguka upande wa pili, siku ya Mungu, jumapili, hamna mtu ndani, mwanamume wala mwanamke.

Camille alijua. Aliposimama kwenye kilio akauliza nani alishuka, vidole vyake vilikuwa vimeshika chokaa siku mbili kabla.

Naandika nikicheka na kulia. Hortense naye alilia, na hata hakujui. Imekwisha, Mama. Uko huru. Noeli hii kula, vaa kitambaa kizuri, imba.

Émérence wako


Kapolowe, tarehe 4 januari 1976

Émérence,

Ulifikiri nitapiga vigelegele.

Nilisoma barua yako, nikatoka nje, nikapiga ndoo ya maji teke. Kisha nikaenda kuchota tena, maana hakuna wa kunichotea.

Kama nilimuua baba yako, basi adhabu yangu ilikuwa na maana. Sasa unaniambia ni maji na mawe. Vizuri. Nani atanirudishia Philippe? Alioa Julie wa ng'ambo ya mto, wana watoto sita. Kila jumapili namwona mgongo, benchi la tatu. Unasema niko huru. Huru ya kufanya nini, na magoti haya?

Camille namchukia, nimeanza juzi, na ninaona ninaweza sana. Lakini si yeye anayenizuia kula. Ni minye. Camille aliniuliza maswali mawili tu, halafu akarudi kwake. Hakuna aliyenikataza kuolewa. Hakuna aliyesema nisibebe mutoto wa jirani. Sheria zile niliziongeza minye mwenyewe, mwaka hata mwaka, na kila nilipoongeza moja watu waliniona mwema zaidi. Unajua padri wa zamani alinitaja kwenye misa? Mjane wa mfano, akasema. Wanawake vijana wamwangalie Anne. Nilifurahi siku ile! Nilirudi nyumbani nimefurahi.

Nimekasirika mpaka sijui niweke wapi mikono. Hata weye nimekukasirikia kidogo, na haukukosa lolote.

Usiniandikie kwa muda.

Mama yako


Likasi, tarehe 18 januari 1976

Mama,

Umesema nisiandike. Naandika mistari michache kwa sababu jambo lenyewe halingoji.

Nilikosea kukupa ile karatasi kama zawadi. Nilijifikiria mimi tu.

Chef ameamua: kabla mwezi haujaisha, ama nilete mawe niliyochukua mwenyewe, ama nihamie ofisini kupiga barua kwa mashine. Nilimsomea Mzee Isidore ile karatasi ya mwaka wa hamsini na tatu, neno kwa neno. Akasikiliza amefumba macho. Mwisho akasema, "Karatasi ni karatasi. Bazee balisema." Nilitamani kumtikisa. Lakini nilipoondoka aliniita, akasema yeye hatasimama tena njiani. Wengine watafanya watakavyo.

Nitashuka jumatano, tarehe 28. Nitautazama ukuta kwanza, hiyo ni sehemu ya kazi. Siombi ruhusa, Mama. Sitaki tu uisikie kwa mtu mwingine.

Émérence


Kapolowe, tarehe 1 februari 1976

Mutoto wangu,

Sikukuambia kwamba nilikuja.

Nilichukua treni ya tarehe 27, nikalala kwa Masista Likasi. Asubuhi nikapanda lori ya unga mpaka Kambove. Barabara inapitika vizuri kabisa.

Nilikwenda kwanza kwa Camille. Bibi yake, aliyemwoa baada ya mambo yale, alinipa kiti bila kunijua. Camille alinijua. Amezeeka, kifua kinalia kama filimbi.

"Anne," akasema.

"Camille, ule ufa uliuona tarehe gani?"

Alikohoa muda mrefu.

"Bantu balikufa batatu," akasema. "Babibi banalia, banauliza ni juu ya nini. Ilikuwa lazima muntu moya ajibu."

"Na minye njo jibu?"

"Ulikuwa pale. Na ulisema weye mwenyewe haukukuwa safi. Minye nilikuuliza tu."

"Uliniuliza huku unajua."

Bibi yake akasema, "Camille, huyu mama anasema nini?" Akamwambia, "Enda ku jiko." Hakwenda. Alisimama palepale na kitambaa mkononi.

Nikamtaka aite ukoo, aseme mbele yao kama alivyosema kwenye kilio. Akakataa. Mara yeye ni mgonjwa, mara mambo ya zamani yamelala, mara minye ni Mkristo, niyaache. Hakuniomba radhi, Émérence. Safari yote ile kwenye magunia ya unga nilikuwa nimejipanga nitajibu nini akiniomba radhi, na hakuniomba. Nikaondoka. Bibi yake alinisindikiza mpaka barabarani. Alinishika mkono mpaka ukauma.

Nilifika chimboni jua limeshapanda. Nilikaa juu, na wanawake wanaouza karanga. Wachimbaji wote walikuwa wamekaa ukingoni, hawataki kufanya kazi weye ukiwa ndani. Nilikuona na ile kofia ya chuma, kubwa kuliko kichwa chako. Uliutazama ukuta muda mrefu, ukaandika kwenye daftari, ukatazama tena. Halafu ukashuka.

Nikuambie ukweli. Ulipopita ngazi ya pili nilijikuta nimesimama. Kichwa changu kinajua habari ya maji na mawe, lakini mwili bado haujasoma ile karatasi. Nilishika jiwe kwa mikono miwili. Muuza karanga mmoja akasema, "Ule mwanamuke ataletea bantu kifo." Nikamwambia, "Ule ni mutoto wangu. Iko ku kazi."

Ulipanda na mifuko miwili, umeinama, wanaume arobaini wanakutazama na hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono. Mwambie chef wako akupe wa kubeba. Sikukuita kwa sababu ulikuwa kazini, na kwa sababu uso wangu ulikuwa umejaa machozi na kamasi, sikutaka wanione hivyo wakasema ndiyo, tazama, mama yake analia.

Usifikiri habari imekwisha vizuri. Camille bado ameketi kwenye kiti chake, na kule Kambove minye ni ileile mwanamuke. Pasaka nitarudi. Safari hii nitapita kwako kwanza. Zungumza na Hortense, nataka nakala yenye muhuri. Kama Camille hataki kuita ukoo, nitaisoma mlangoni kwake minye mwenyewe, kwa sauti, kwa hiyo itabidi unifundishe yale maneno magumu ya Kifaransa.

Jana padri alipita hapa, amesikia mambo kwa Masista. Akasema, "Mama Anne, samehe, ndipo utakuwa na amani." Nilimpa chai. Na weye usije ukaniambia hivyo. Tangu niko musichana naambiwa nikubali, ninyamaze, nivumilie, na sasa nisamehe, na kila mara anayeniambia amekaa kwenye kiti kizuri. Siku nikisamehe nitakuandikia. Leo sijasamehe, na nimekula vizuri.

Anne Mwansa,
mama yako